Fizikia iliyomo katika nyuzi za litungu

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii tumezoea kuitumia katika kuwasuta wakubwa wanaojirundikia mali ya umma, na sioni dalili kwamba itakosa kazi hivi karibuni. Hata hivyo, ni wangapi miongoni mwetu, walimu kwa wanafunzi, ambao wamewahi kujiuliza ni kwa nini mwamba ngoma akaivuta hiyo ngozi? Anaivuta kwa sababu ngozi iliyolegea hailii. Kabla ya ngoma kuingia uwanjani, wapigaji huipasha moto wa nyasi. Unyevu hutoka, ngozi hujikaza na sauti hupanda. Wakiipasha kupita kiasi, tunaijua methali nyingine inayosema yatakayoikuta ngoma iliayo sana.

Mpenzi msomaji, hapo hatumo tena katika fasihi simulizi. Tumo katika somo la fizikia.

Nikiri mapema kwamba mimi si mwanafizikia. Riziki yangu huipata katika isimu, na kila mwaka huwafundisha vijana wa mwaka wa kwanza jinsi sauti za lugha zinavyotamkwa. Huwaagiza waweke vidole kooni na kutamka /s/, kisha /z/. Vidole hubaki kimya katika ile ya kwanza, vikatetemeshwa katika ya pili, kwa kuwa /s/ ni sighuna na /z/ ni ghuna. Wataalamu wetu waliobuni istilahi waliviita viungo hivyo vya kooni nyuzi za sauti, na kwa hakika hawakukosea. Za mwanamume aliyebaleghe ni ndefu na nene kuliko za mwanamke, ndiyo maana hutetemeka yapata mara 120 kwa sekunde ilhali za mwanamke hufikia yapata mara 200. Nikisema hayo darasani, wanafunzi huandika. Nikiwauliza ni kwa nini uzi mrefu na mnene utetemeke polepole, chumba hunyamaza. Hawa ni watu waliofaulu mtihani wa kidato cha nne, na baadhi yao walifanya fizikia.

Siwalaumu, kwa maana niliwahi kuwa katika hali iyo hiyo, tena mbele ya babu yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu. Katika shule yetu palikuwa na kifaa kimoja cha kufundishia mitetemo ya nyuzi, na kifaa hicho kilikaa ndani ya kabati lenye kufuli. Tulikiona kupitia kioo. Mwalimu wetu alizichora kanuni tatu ubaoni, tukazikariri mithili ya wanachuo wa madrasa, na katika jaribio la mwisho wa muhula nikapata alama 9 kwa 10. Likizo ilipofika nilikwenda kwa babu, ambaye alikuwa mchongaji na mpigaji wa litungu, hicho chombo cha nyuzi cha sisi Wabukusu. Alikuwa ameanza kupoteza nuru ya macho. Akanipa chombo na akaniambia niupandishe uzi mmoja hadi ulingane na mdogo wake, yaani utoe sauti ile ile lakini ya juu, kama mtoto anavyoimba pamoja na baba yake. Nikaukaza. Sauti ikapanda kidogo. Nikaukaza tena, na tena, nikiwa na hakika ya mtu mwenye alama 9 kwa 10, hadi uzi ukakatika na kunichapa shavuni.

Babu hakunikaripia. Alipapasa mfukoni, akatoa uzi mwembamba zaidi, akaufunga mwenyewe na kuukaza kwa utulivu, nao ukalia alipotaka. Kisha akasema kwamba ule wa kwanza ulikuwa mnene mno kwa kazi niliyoupa. Yaliyokuwa yameandikwa katika daftari langu yalikuwa ni hayo hayo: idadi ya mitetemo hupungua uzi unapokuwa mrefu, hupungua uzi unapokuwa mzito, na huongezeka uzi unapokazwa. Isitoshe, daftari lilisema kwamba ongezeko hilo la mwisho hufuata kipeuo cha pili cha mkazo, ambayo ni kusema kwamba atakaye kuifanya mitetemo iwe maradufu hana budi kuuvuta uzi mara nne. Mara nne! Nilikuwa nimeiandika kanuni iliyoeleza kwa nini uzi wa babu ungekatika, na sikuitambua ilipokuwa mikononi mwangu.

Kanuni yenyewe ina kisa ambacho ningependa kila mwalimu wa sayansi awasimulie wanafunzi wake. Vitabu vya kale vya Ulaya vilidai kwamba Pythagoras, yule Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo, alipita karibu na karakana ya wahunzi akasikia nyundo zikilia kwa upatanifu. Ikasemwa kwamba alizipima nyundo, akakuta uzito wa moja ni maradufu ya nyingine, akaenda nyumbani akatundika mawe ya uzani huo kwenye nyuzi, na nyuzi zikaimba sauti zile zile. Kisa kitamu. Kiliandikwa na kunakiliwa, mwalimu akampa mwanafunzi, mwanafunzi akawa mwalimu, kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nacho si kweli. Kuhusu urefu wa nyuzi, mafundisho ya Pythagoras yalikuwa sahihi: uzi uliokatwa nusu hulia oktavu moja juu. Lakini uzito wa maradufu haukupi oktavu asilani.

Aliyelifichua kosa hilo hakuwa profesa. Alikuwa mwanamuziki wa Italia kwa jina Vincenzo Galilei, mpigaji wa udi wa Kizungu, ambaye alifunga nyuzi, akatundika mawe na kutega sikio. Akagundua kwamba oktavu haiji kwa uzito wa mbili kwa moja bali wa nne kwa moja. Aliyachapisha hayo mwaka wa 1589. Mtoto wake, Galileo, alikuwa na umri wa miaka 25 wakati huo, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba kijana huyo alijifunza thamani ya kujaribu badala ya kusadiki katika majaribio ya nyuzi ya baba yake. Mnamo 1636 Mfaransa Marin Mersenne alizichapisha kanuni zile tatu kwa ukamilifu, na ndizo tunazowakaririsha watoto wetu hadi leo.

(Naomba radhi kwa kuingiza ugonjwa wa taaluma yangu hapa. Jina la ala ya Vincenzo, liuto kwa Kiitaliano, lina asili ya neno la Kiarabu lenye maana ya mti au ubao. Neno lilo hilo ndilo lililotupa sisi udi wa taarab, na pia udi wa kufukizia. Kwa hivyo sayansi hii haikuwa ngeni kwetu kiasi tunachodhani. Mlangoni tayari ilikuwa na shemeji.)

Mwaka jana nilikwenda katika shule moja ya sekondari msingi huko Bungoma. Haja yangu ilikuwa lugha: nilitaka kurekodi jinsi wanafunzi wa Gredi ya 8 wanavyozungumza wakati wa somo la Sayansi Jumuishi. Siku mbili za kwanza nilirekodi kimya. Somo liliendeshwa kwa Kiingereza kama sera inavyotaka, mwalimu akauliza, wawili watatu wakajibu kwa neno moja moja, waliosalia wakanakili. Siku ya tatu, mwalimu mwingine, mwanamke kijana ambaye pia hufunza muziki katika shule hiyo, aliingia na mishipi ya kuvulia samaki, mitungi miwili ya plastiki ya lita 5, vipande vya mbao na msumeno.

Aliwaagiza wafunge mishipi miwili ya aina moja juu ya dawati, sambamba, kila mmoja ukipita juu ya vigongo viwili vya mbao vilivyoachana kwa sentimita 60, na ncha yake ikining'inia ukingoni mwa dawati ikiwa imefungwa mtungi. Lita moja ya maji ni kilo moja, akawakumbusha. Mvulana mmoja akauliza, je, mtungi wenyewe? Swali hilo lilinifurahisha kuliko yote niliyoyasikia wiki hiyo. Mtungi ukapelekwa dukani ng'ambo ya barabara ukapimwa kwa mizani ya sukari, ukapatikana kuwa na robo kilo, na kwa hivyo wakatia robo tatu za lita ili jumla iwe kilo moja. Mishipi yote miwili ikalia sauti moja. Kisha mtungi wa kwanza ukaachwa ulivyo, wa pili ukaongezwa lita moja kamili.

"Mwalimu, tumeongeza mara mbili lakini sauti haijafika mara mbili," akasema mmoja.

"Imekwama katikati," akasema mwenzake. Naye alisema kweli kuliko alivyojua, kwa sababu kipeuo cha pili cha mbili huangukia katikati kabisa ya hatua 12 za oktavu.

Mwalimu hakujibu. Alionyesha ndoo tu. Wakaongeza lita nyingine, bado. Walipoongeza ya mwisho na uzito ukawa kilo nne, msichana mmoja ambaye huimba katika kwaya ya shule alipaaza mkono kabla ya kuulizwa. "Hapo! Ni ile ile, lakini ya kike."

Nilikuwa nimekaa nyuma na kinasa sauti changu, na sioni haya kusema kwamba nililikumbuka shavu langu.

Kilichonistaajabisha zaidi kama mwanaisimu ni lugha. Darasa lililokuwa bubu kwa siku mbili lilijaa vitenzi: kaza, legeza, wamba, vuta, bana, sogeza. Walisema uzi mnene una sauti nene na uzi mwembamba una sauti nyembamba. Hebu tulitafakari hilo. Kiswahili hakikungoja Mersenne; katika matumizi ya kila siku tunasema fulani ana sauti nyembamba, na ndani ya kauli hiyo mna uhusiano wa unene wa uzi na idadi ya mitetemo. Aidha, Kiswahili kina mtego wake, na ni vyema mwalimu aujue. Tunaposema "sauti ya juu" huenda tukamaanisha sauti nyembamba, au huenda tukamaanisha sauti yenye kishindo. Mtoto mmoja aliambiwa aitoe sauti ya juu, naye akaukwanyua uzi kwa nguvu zaidi. Kelele ikaongezeka, lakini idadi ya mitetemo ikabaki pale pale. Kwa kalamu na karatasi, mwalimu angehitaji wiki kuutambua mkanganyiko huo katika kichwa cha mtoto. Kwa uzi aliutambua papo hapo, akautegua.

Sidai kwamba Kiingereza kifukuzwe maabarani. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mnamo 1990, na kama tungekuwa na nia, tungekuwa tumeitumia. Ninachosema ni kwamba istilahi, iwe ya lugha gani, ni jina tu, na mtoto anayepewa jina kabla ya kukutana na mwenye jina hana wa kumwita.

Wiki iliyofuata kundi moja liligeukia marimba. Hapa ndipo uhandisi unapojitokeza. Wakiwa wamejifunza kwamba uzi ukikatwa nusu hupanda oktavu moja, walichukua ubao wa sentimita 40 wakaukata wa pili wa sentimita 20. Ubao huo mfupi ulilia juu mno. Ubao ulipotea bure, lakini somo halikupotea: ubao haukazwi na mtu, hujikaza wenyewe kwa ugumu wake, na kwa hivyo sheria yake ni tofauti. Ukiukata nusu, mitetemo huongezeka mara nne, ambazo ni oktavu mbili. Atakaye oktavu moja aukate sentimita 28 na kitu. Kisha wakaunyunyizia chumvi laini ule mrefu na kuugonga taratibu katikati. Chumvi ikatimka na kujikusanya katika mistari miwili, kila mmoja yapata sentimita 9 kutoka nchani. Hapo ndipo mahali pasipotetemeka, na hapo ndipo ubao wa marimba hulazwa, kwani ukilazwa kwingine hufa sauti. Mwalimu aliwaeleza kwamba hesabu ya ugumu wa ubao huo ni jamaa wa hesabu ya boriti ya paa na ya daraja. Mafundi wa marimba wa Pwani wamekuwa wakiilaza mbao pahala papo hapo bila ya kuwa na jedwali la mtu yeyote.

Litungu lenyewe lilichukua majuma manne. Sitasimulia yote. Kila hatua ilizaa swali. Kwa nini uzi ukifungwa kati ya misumari miwili ukutani hausikiki, ilhali ukipita juu ya ngozi huvuma? Kwa sababu uzi ni mwembamba na huipenya hewa kama sindano, lakini ngozi ni pana na huisukuma. Kwa nini obokano ya Wakisii ina sauti nzito kuliko litungu na nyatiti? Itazame ilivyo kubwa. Kama kila uzi unavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 2, nyuzi nane huuvuta mti unaokingama juu kwa kilo 16 mchana na usiku. Je, mikono ya chombo iwe minene kiasi gani isije ikapinda? Litungu la kundi la kwanza lilipinda. Wakalivunja, wakaanza upya. Na vile vitambaa vinavyoviringishwa kwenye mti huo, ambavyo nyuzi hufungiwa, vinazuiwa na nini visirudi nyuma? Msuguano, ambao nao umo katika silabasi, sura tofauti, kana kwamba haujuani na sauti.

Zipo pingamizi, na si za kupuuzwa. Walimu wataniuliza muda utatoka wapi, nao wana haki, hasa anayefunza darasa la watoto 60 na zaidi. Wazazi watauliza ni nani atakayenunua vifaa, kwa sababu tangu Mtaala wa Umilisi uanze kutekelezwa mnamo 2019 wametumwa madukani kila siku wakaranda hadi wakachoka. Hilo nalitetea kwa kusema tu kwamba mishipi, mitungi na mabaki ya mbao nilivyoviona havikumgharimu mzazi safari ya dukani. Mtungi ulirudi jikoni jioni.

Pingamizi la jinsia lipo pia. Mila ya Waluo haikumruhusu mwanamke kupiga nyatiti, na yaelekea wapo watakaokunja uso binti akishika msumeno. Lakini Eriko Mukoyama, Mjapani tunayemjua kama Anyango, aliipiga ala hiyo hadi ikasikika kwao Japani, na sijasikia kwamba jua lilikataa kuchomoza. Katika lile darasa la Bungoma fundi hodari wa kuwamba ngozi alikuwa msichana.

Jambo linalonitia wasiwasi kwelikweli ni jingine. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu waliingia sekondari ya juu, Gredi ya 10, wakagawanywa katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati upande mmoja, sayansi za jamii upande wa pili, sanaa na michezo upande wa tatu. Nionavyo mimi, mgawanyo huo una mantiki kwa mpangaji ratiba. Lakini yule msichana wa kwaya aliyeisikia kilo ya nne kabla ya wote, ataenda wapi? Akichagua muziki, huenda asikutane tena na kipeuo cha pili mahali ambapo sikio lake kingemfaa. Akichagua fizikia, litungu atalisikia kwenye tamasha za muziki tu, likipigwa na watu waliovaa ngozi kwa ajili ya majaji. Maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule hufanyika kila mwaka. Tamasha za muziki nazo hufanyika kila mwaka. Na ala zilizochongwa kwa hesabu nzito za mikono hupelekwa katika hizo za pili peke yake. Sioni sababu ya kumzuia mkuu wa shule asilete litungu moja katika maonyesho yote mawili. Wala sioni sababu ya kumwacha mzee mchongaji langoni, akingoja sherehe ya mgeni wa heshima, ilhali angeweza kulipwa posho akakaa na darasa la fizikia kwa majuma mawili. Babu yangu angekuja hata kwa chai.

Nilirudi Bungoma mwezi uliofuata kurudisha nakala za rekodi zangu. Nilikuta litungu likiwa limetundikwa nyuma ya darasa, na kando yake jedwali lililochorwa kwa mkono. Walikuwa wamegundua kwamba chombo hushuka sauti kila baada ya mvua, wakaanza kuandika: asubuhi, adhuhuri, mvua au jua, ni uzi upi umeshuka. Darasa lilikuwa limegawanyika. Kundi moja lilishikilia kwamba ngozi hunyonya unyevu, ikabonyea chini ya kigongo na hivyo kuzilegeza nyuzi. Kundi la pili lilisema mishipi yenyewe ndiyo inayonyonya maji na kurefuka. Mwalimu alikataa kuwaambia nani mkweli. Nilipokuwa nikiaga, walikuwa wanajadiliana ni wapi wangepata ubao mwembamba wa kuundia litungu la pili lisilo na ngozi, ili wayatundike yote mawili nje usiku wa mvua.